Manowari za Msumbiji zilivyonunuliwa kwa 'butura'

NENO 'butura' halimo katika nyaraka za mabenki ya Zurich wala Moscow, lakini kila mnunuzi wa kahawa aliyewahi kuzungukia vijiji vya Nyaishozi, Kihanga, Nkwenda au Murongo analifahamu. Mkulima ana shida ya ada au matibabu, na kahawa yake ingali maua. Mwenye fedha humpa kiasi kidogo leo, wakaandikiana kwamba mavuno yakishakauka, magunia ni yake. Serikali imeikataza biashara hiyo mara nyingi, na bado imekuwa ikifanyika chini chini Karagwe na Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012.

Mwaka 2013 nchi nzima iliingia katika mpango ambao mfanyabiashara wa Kayanga au Omurushaka angeutambua mara moja. Nchi hiyo ni Msumbiji. Maua yake yalikuwa gesi iliyoanza kugunduliwa mwaka 2010 chini ya bahari ya Cabo Delgado, jirani na mpaka wa Tanzania. Fedha iliyokopwa ilizidi dola bilioni 2, na sehemu yake ilikwenda kununua meli za doria na boti za kasi, zikiwemo manowari za aina mpya ambayo hakuna jeshi la majini katika mwambao huu lililokuwa nayo.

Haja yenyewe ilikuwa ya kweli. Msumbiji ina pwani ya zaidi ya kilomita 2,400, na jeshi lake la majini halikuwa na chombo cha maana cha kuilinda. Desemba 2010 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya uvuvi Vega 5 katika maji yake. Oktoba 2011 walijaribu bahati upande wa Tanzania, walipoishambulia meli ya kuchimba visima Ocean Rig Poseidon. Wanamaji wa Tanzania wakawakamata saba. Februari 2012 Tanzania, Msumbiji na Afrika Kusini zilitia saini makubaliano ya kulinda bahari kwa pamoja.

Mambo haya yanamhusu pia mwenye ghala la kahawa ya maganda lililo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Bima ya safari na nauli ya kontena hutolewa katika bei ya Ulaya kabla mkulima hajafikiriwa. Bahari isipokuwa na mlinzi, gharama hizo hupanda, na anayekatwa ni yule wa mwisho katika mnyororo. Hali hiyo ilionekana tena kuanzia Novemba 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kuzishambulia meli katika Bahari ya Shamu, na makampuni mengi yakalazimika kuzizungusha meli zake kupitia Rasi ya Tumaini Jema.

Kiwanda kilichopewa kazi na Msumbiji ni CMN cha Cherbourg, Ufaransa, mali ya kundi la Privinvest. Septemba 2013 Rais François Hollande na Rais Armando Guebuza walikitembelea pamoja. Manowari mpya, Ocean Eagle 43, ilikuwa na urefu wa mita 43 na matumbo matatu: moja refu jembamba katikati na mawili madogo pembeni ya kuizuia isiyumbe. Chombo chembamba hukata maji kwa nguvu ndogo, hivyo mafuta kidogo humfikisha mbali, na mabaharia wachache wanatosha kukiendesha. Kwa jeshi dogo lenye bahari kubwa, hesabu hiyo ina akili. Ziliagizwa tatu, pamoja na boti tatu za kasi za mita 32 na meli 24 za kuvua jodari.

Hapo ndipo panapochekesha, kama si kuliza. Manowari na meli za uvuvi zilikuwa katika kapu moja la kampuni iitwayo EMATUM, iliyouza hatifungani za dola milioni 850 kwa riba ya asilimia 6.305. Walionunua waliambiwa habari za jodari. Wafadhili wa Msumbiji walipohoji, dola milioni 500 za deni hilo zilihamishiwa katika bajeti ya serikali kama matumizi ya ulinzi, na milioni 350 zikabaki kuwa za biashara ya samaki. Samaki wenyewe hawakufika hata karibu na makisio, na meli zikakaa zimefungwa katika bandari ya Maputo.

Mikopo miwili mingine haikutangazwa kabisa. Kampuni ya ProIndicus, ya ulinzi wa pwani, ilichukua dola milioni 622. Nyingine, MAM, ya karakana ya kutengenezea meli, ilichukua milioni 535. Wakopeshaji wakuu walikuwa Credit Suisse ya Uswisi na VTB ya Urusi. Kampuni zote tatu hazikuwa na mapato ya kutajika. Kilichowapa mabenki moyo ni saini ya waziri wa fedha, Manuel Chang, kuidhamini mikopo kwa niaba ya dola, na nyuma ya saini hiyo, matumaini ya gesi.

DHAMANA BILA BUNGE

Dhamana hizo zilivuka kiwango kilichowekwa na sheria ya bajeti, na Bunge halikuulizwa. Siri ilipofichuka Aprili 2016, Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) lilisimamisha misaada na wafadhili wengine wakafuata. Sarafu ya metikali, iliyokuwa kiasi cha 30 kwa dola mwaka 2014, ilipita 70 kabla ya mwaka 2016 kwisha. Januari 2017 nchi ilishindwa kulipa riba ya hatifungani zake.

Wakaguzi wa Kroll walioteuliwa kuchunguza walikadiria mwaka huo kwamba bei za meli na vifaa zilikuwa zimeongezwa dola milioni 713, na kwamba matumizi ya milioni 500 hayakuweza kuelezwa. Waendesha mashitaka wa Marekani walidai kwamba angalau milioni 200 ziliishia katika hongo na bakshishi. Mfanyabiashara wa Privinvest aliyeshitakiwa New York aliachiwa na wazee wa baraza Desemba 2019. Chang alitiwa hatiani katika jiji hilo hilo Agosti 2024 na kufungwa miaka minane na nusu Januari 2025. Credit Suisse ilikubali mwaka 2021 kulipa faini za kiasi cha dola milioni 475 kwa Marekani na Uingereza na kufuta milioni 200 za deni, na Julai 2024 Mahakama Kuu ya London iliamua kuwa Privinvest inawajibika kuifidia Msumbiji.

Kwa mwekezaji mdogo, swali ni nani aliyebeba hasara. Katika butura ya Kyerwa hata mwenye fedha huweza kulia, kwa sababu maua hupukutika na mkulima huweza kuvusha magunia usiku kwenda Uganda. Wenye hatifungani za EMATUM hawakulia kiasi hicho. Karatasi zao zilibadilishwa mwaka 2016 kuwa deni la serikali lenyewe la dola milioni 726.5, na mwaka 2019, pamoja na malimbikizo, zikawa hatifungani mpya za milioni 900. Baraza la Katiba la Msumbiji lilitamka Juni 2019 kwamba mkopo wa EMATUM na dhamana yake ni batili, lakini deni lilikuwa limekwisha vaa joho jingine. Mwananchi wa Pemba au Nampula, asiyejua manowari inafananaje, alilipa kwa bei ya mkate na ya mafuta ya taa.

Kenya nayo ina kisa chake. Meli ya doria Jasiri, ya mita 85, iliagizwa Hispania kwa mkataba wa mwaka 2003 wa shilingi za Kenya bilioni 4.1. Mkataba huo ukaingia katika orodha ya mikataba 18 ya sakata la Anglo Leasing, malipo yakasimama, na meli ikafika Mombasa Agosti 2012. Miaka tisa ni mingi kwa chombo ambacho maharamia walikuwa wakikikwepa kikiwa bado gatini Hispania. Tanzania ilikwenda njia fupi zaidi: ilichukua aina ya meli ambayo China ilikuwa ikiijenga tangu zamani, na Aprili 2015 Rais Jakaya Kikwete akazindua mbili Kigamboni, Mwitongo na Msoga. Mwenye lori la kwanza pale Omurushaka naye huchagua lile ambalo spea zake zinauzwa mjini.

Mtanzania anaweza kununua hatifungani za serikali katika minada ya Benki Kuu kwa kuanzia sh. milioni moja, na baadhi ya wauza kahawa huweka huko faida ya msimu. Atakapoletewa karatasi ya kampuni yenye kivuli cha serikali, nyaraka za Msumbiji zinampa maswali ya kuuliza kabla ya riba: Bunge limeidhinisha? Kampuni inauza nini leo, mbali na itakachouza kesho? Bei ya kifaa imelinganishwa na nani?

Na ile gesi? Shehena ya kwanza kutoka mradi wa Eni wa Coral Sul iliondoka Novemba 2022. Mradi mkubwa zaidi wa nchi kavu, wa TotalEnergies, ulisimama mwaka 2021 baada ya wapiganaji kuushambulia mji wa Palma. Katika makubaliano ya awali ya Novemba 2018 wenye hatifungani waliahidiwa kipande cha mapato ya gesi ambayo ilikuwa bado chini ya bahari. Kifungu hicho kiliondolewa mwaka uliofuata. Badala yake riba ilipangwa kuwa asilimia 5, kisha asilimia 9 kuanzia 2023, na deni lenyewe kulipwa kwa awamu kati ya 2028 na 2031.