Songo Mnara: Mji Uliozaliwa na Maji Kupwa na Kujaa

Mgeni aendaye Songo Mnara hana budi kuuliza habari za mwezi kabla ya kuuliza nauli ya mashua. Kisiwa hiki kidogo, kilichoko kusini ya Kilwa Kisiwani katika Mkoa wa Lindi, kimepakana na mikoko na tambarare za matope. Maji yakijaa, mashua itokayo Kilwa Masoko huweza kusogea karibu na nchi kavu. Yakipwa, hutia nanga mbali, na abiria hushuka wakatembea katika matope na mizizi.

Mabadiliko hayo hutokana na mvuto wa mwezi na jua juu ya bahari. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, mwezi, jua na dunia hukaribia kuwa katika mstari mmoja. Mivuto miwili huungana, na ndipo liwapo bamvua. Siku hizo, tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani ya Tanzania huweza kuzidi mita 3. Baina ya bamvua moja na jingine huja maji mafu, yenye tofauti ndogo. Aidha, kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa kuwa mwezi nao umekwisha kusogea katika njia yake.

Ng'ambo ya mikoko yamesimama magofu ya mji uliokaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Yapo mabaki ya jumba kubwa, nyumba za mawe, misikiti, makaburi na ukuta wa mji. Wataalamu wa mambo ya kale waliofukua hapo kuanzia mwaka 2009 walipata, miongoni mwa vitu vingine, sarafu za shaba za Kilwa zaidi ya 300 zilizokuwa zimefukiwa pamoja.

Atazamaye kuta hizo kwa makini atagundua kwamba vifaa vingi vya ujenzi vilitoka baharini. Mawe ya kawaida ya ukuta ni ya matumbawe ya kale yaliyokwisha kuwa mwamba wa nchi kavu. Lakini kwa miimo ya milango na mihrabu, mafundi walikata matumbawe mabichi kutoka katika miamba ya bahari. Yakiwa mabichi, hayo huwa laini na huchongeka kwa urahisi. Yakikauka, hugeuka kuwa magumu. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la kuni. Dari za mawe na chokaa zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima chumba: kwa kawaida upana wake haukuzidi mita 3. Hivyo basi, mti uotao baina ya maji kupwa na kujaa ndio uliokuwa kipimo cha nyumba ya tajiri.

Mti huo huo ungali na kazi. Mizizi ya mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi na kunasa udongo, na kwa njia hiyo huzuia ufuko usiliwe. Mikoko ikikatwa, wimbi huufikia udongo uliobeba msingi wa ukuta. Ni kweli kwamba mti uotao ndani ya ukuta ni adui, maana mizizi yake hupasua mawe; lakini mti wa ufukoni ni mlinzi.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, mmomonyoko wa pwani ukiwa miongoni mwa sababu, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati na hifadhi. Hata hivyo, kuondolewa katika orodha hakuondoi bamvua. Ukuta uliotengenezwa kwa ustadi hautadumu ikiwa ardhi iliyo chini yake inachukuliwa na maji. Kwa hiyo, anayehesabu mali ya kale ya Songo Mnara aihesabu na mikoko yake.