Kasting ilipita jana

Kijana anatoka posti ya usiku kule Kolwezi, macho nyekundu, udongo ungali ku viatu. Anafungua telefone: mu Lubumbashi wanatafuta wachezaji wa filme. Anaangalia tarehe muzuri. Ilikuwa jana. Hata kama angejua mbele, njia iko ya kilometre karibu 300, na shefu wa ekipi hamupe mutu ruhusa juu ya teatre. Muke wake anamwambia: "Wewe nawe! Watoto watakula filme?"

Wengi katika kambi zetu wanajua mambo haya. Wanasema: huku kwetu nafasi hakuna. Ni kweli kwamba ziko chache. Lakini kasting nyingi hazibandikwi ku ukuta. Mwenye filme akifika mu muji, kwanza anauliza watu: "Nani anajua kucheza huku?" Wanataja jina la yule walikwisha kuona. Basi, ukitaka kuitwa mara nyingi, anza kuonekana mbele ya kutafutwa.

Wazee wetu walijua ile. Mufwankolo na kikundi chake, hapa Lubumbashi, walicheza kwa Kiswahili chetu ku redio na ku televizyo, na wengi wao walikuwa na kazi yao ya kila siku. Katika mwaka 1986 walishika mezali moja juu ya utawala, wakatoa ndani yake muchezo muzima bila maandiko: wanazungumza, wanajaribu, wanabadilisha. Mwalimu Johannes Fabian aliandika kitabu juu ya kazi ile, kikatoka 1990. Hawakungojea mutu awaite.

Leo pa kuanzia ni wapi? Ku parokia, wakati wa Noeli na Pasaka. Ku masomo, wakati wa sikukuu ya mwisho wa mwaka. Kuna pia michezo ya kufundisha watu: usalama ku kazi, kipindupindu, watoto wasiende ku karyeri. Kampani na mashirika wanaitafuta, na mara nyingi wanachukua kikundi, si mutu mumoja. Mukiwa watano wenye kujua muchezo wenu, nendeni kuuliza. Redio nayo inahitaji sauti. Ukipata siku ya kufika Lubumbashi, pita ku Halle de l'Étoile, ao ku Rencontres za Picha, zilizoanza 2008. Kaa kuangalia, halafu bakia kusaidia kupanga viti. Pale utajuana na watu wa kazi hii.

Uwe tayari kila siku. Jifunze vipande viwili vya dakika mbili, kimoja kwa Kiswahili, kingine kwa Kifaransa. Mwenzako akupige video na telefone: mchana, mbele ya ukuta mutupu, karibu ili sauti isikilike. Sema jina, miaka, muji, na luga unazojua. Weka na picha moja bila mapambo. Mutu wa mbali akiomba, unatuma palepale, bila kupanda gari.

Na namba yako isibadilike. Ukiwa chini ya udongo, rezo hakuna. Kwa hiyo toa namba ya pili, ya mutu wa nyumbani mwenye kujua posti yako na siku zako za kupumzika. Tarehe ikijulikana mapema, utaomba mwenzako mubadilishane posti.

Usizarau luga yako. Baloji, muzaliwa wa Lubumbashi, alipata zawadi kule Cannes mwaka 2023 kwa filme yake Augure, na Kiswahili kinasikilika ndani. Véro Tshanda Beya, wa Kinshasa, hakuwa amecheza filme hata moja mbele ya Félicité. Alishika nafasi ya kwanza, na mwaka 2017 ile filme ikapata zawadi kubwa kule Berlin.

Wazazi, sikieni na hii. Kasting ya kweli hailipishi mutu. Anayeomba feza ya fomu, ao anayeita mutoto mwanamuke peke yake usiku ku hoteli, huyo hatafuti muchezaji. Ulizeni jina la kampani na jina la filme. Nendeni wawili, mchana. Na mbele ya kutia sinyatire, someni karatasi yote.

Hatusemi mutu aache kazi ya mine. Wachezaji wengi wa inchi yetu wanaishi na kazi ingine, na filme moja hailipe nyumba. Lakini yule kijana wa Kolwezi anaweza kubadilisha kitu kimoja leo: akae chini na muke wake, amuonyeshe ile video, amuachie namba. Siku ingine wakipiga simu yeye akiwa chini ya udongo, muke ndiye atajibu, na ndiye atajua tarehe.