Eastlands na Anga (Sehemu ya 3): Rubani Anapoingia Ndani ya Wingu

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza jinsi uwanja wa Eastleigh ulivyokuwa lango la ndege la Nairobi mpaka Embakasi ulipofunguliwa mwaka 1958, na jinsi mahabusu wa Mau Mau walivyotumikishwa kuujenga uwanja huo mpya. Tulieleza pia hatua za kupata leseni ya urubani binafsi, ambayo vijana wengi huiita PPL. Leo tunajibu swali linalofuata: je, mwenye PPL anaweza kuondoka asubuhi ya Julai, wingu likiwa limetanda chini kutoka Buruburu hadi Utawala?

Hawezi. PPL peke yake humruhusu mtu kuruka pale macho yake yanapoona. Kanuni za kimataifa, ambazo Kenya huzifuata, zinamtaka rubani wa namna hiyo, katika anga ya kawaida chini ya futi 10,000, awe na mwono wa kilomita 5. Pia akae mbali na wingu mita 1,500 kwa ubavu na futi 1,000 kwa juu au chini. Asubuhi za Juni hadi Agosti, Nairobi mara nyingi haitoi nafasi hiyo mpaka jua lipande. Lakini mkazi wa Utawala husikia ndege kubwa zikipita juu ya paa lake saa hizo hizo, ingawa yeye hazioni. Marubani wa ndege hizo wana idhini ya kurusha ndege kwa kutegemea vyombo. Rubani binafsi naye anaweza kuipata.

Kwa nini idhini hiyo iwe lazima? Kwa sababu ndani ya wingu mwili wa binadamu hudanganya. Matatu ikikata kona kwa kasi kutoka Jogoo Road kuingia Outering, abiria husukumwa ubavuni na kujua, hata akifumba macho, kwamba gari linageuka. Ndege haiko hivyo. Ikigeuka sawasawa hulala upande, na uzito wa rubani hubaki ukimkandamiza kitini kana kwamba anakwenda moja kwa moja. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu yenye majimaji ambayo hutuarifu tunapozunguka. Ndege ikigeuka polepole kwa muda, majimaji hayo hushika mwendo uleule na taarifa hukoma. Rubani akiinyoosha ndege, sikio humwambia kwamba sasa anageukia upande wa pili, naye huirudisha ilikotoka. Pua huanza kushuka na kasi kupanda. Akivuta usukani bila kwanza kusawazisha mabawa, mzunguko unazidi kukaza mpaka ardhini.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu watu 20 wasio na ujuzi wa vyombo kwa kuwaziba wasione nje ya ndege. Wote 20 walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Hazifiki hata dakika 3. Mwaka 1999 John F. Kennedy Mdogo, aliyekuwa na leseni binafsi lakini bado hajapata idhini ya vyombo, aliruka usiku juu ya bahari yenye ukungu na kuanguka pamoja na mkewe na shemeji yake. Wachunguzi walisema alipotewa na hisia ya juu na chini.

Dawa ya tatizo hili ina umri wa karibu karne moja. Septemba 1929, huko Marekani, Jimmy Doolittle alipaa, akazunguka na kutua akiwa amefunikwa asione nje hata kidogo. Alitegemea vyombo tu, kikiwemo upeo bandia, yaani kioo kinachoonyesha ndege imelalaje dhidi ya mstari wa ardhi na anga. Mpaka leo mwanafunzi wa vyombo huanzia hapo. Macho hutoka kwenye upeo bandia kwenda kwenye kasi, yakarudi. Yakaenda kwenye mwinuko, yakarudi. Kisha dira, kisha kipimo cha kupanda na kushuka. Hayatui mahali pamoja, kwa maana chombo kimoja kinaweza kuharibika, na vingine ndivyo mashahidi watakaokifichua.

Masharti yanajulikana. Kiwango cha chini cha kimataifa ni saa 50 za safari za masafa ambazo mwombaji ameziongoza yeye mwenyewe kama rubani mkuu, na saa 40 za kuruka kwa vyombo. Sehemu ya saa hizo 40 inaweza kufanywa ardhini kwenye simuleta, jambo linalopunguza gharama. Kuna mtihani wa nadharia wa sheria za anga, hali ya hewa na urambazaji, halafu mtihani wa kuruka. Hata masikio hupimwa kwa kipimo kikali zaidi, kile cha marubani wa kulipwa, kwa kuwa ndani ya wingu sauti ya mwongozaji ndege ndiyo inayomtenganisha rubani na ndege nyingine.

Tazama mambo hayo yanavyokutana katika uwanja wa Jomo Kenyatta, ndio ule wa Embakasi. Mitambo ya redio hurusha mihimili miwili: mmoja huonyesha mstari wa katikati wa njia ya kutulia, mwingine mteremko wa nyuzi 3. Ndege ndogo inayokwenda noti 90 hushuka humo kama futi 480 kila dakika. Kwa utaratibu wa kawaida, ikifika futi 200 juu ya njia na rubani hajaona taa wala lami, lazima apandishe ndege aondoke. Na kwa kuwa uwanja wenyewe uko futi 5,330 juu ya bahari, wakati huo kipimo chake cha mwinuko husoma takriban 5,500. Anayesahau urefu wa nchi aliyo juu yake atadhani bado ana nafasi tele.

Hata hivyo, idhini hii haimfungulii mtu kila wingu. Ndege nyingi ndogo hazina rada ya hali ya hewa, na wingu la radi la Aprili huweza kuivunja ndege. Milima nayo haisogei. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi ilianguka Marsabit katika hali mbaya ya hewa, ikaua watu 14, wakiwemo wabunge. Tarehe 5 Juni 2018 ndege iliyotoka Kitale kuja Nairobi iligonga Aberdare na wote 10 waliokuwemo wakafa. Waliozirusha ndege hizo hawakuwa marubani wa kujifurahisha. Walikuwa watu wa kazi. Ikiwa wingu na mlima huwashinda wao, anayejitosa humo bila mafunzo anahatarisha maisha yake na ya abiria wake.

Kwa hiyo nawasihi wazazi wa Umoja, Donholm, Kayole na mitaa yote ya Eastlands wanaojinyima ili mtoto aende shule za urubani za uwanja wa Wilson: msifunge hesabu kwenye PPL. Wekeni na fungu la idhini ya vyombo tangu mwanzo, hata kama litajazwa kidogo kidogo. Nanyi vijana, saa za kuruka ni ghali, lakini nadharia inasomeka bila kuwasha injini. Hali ya hewa, ramani na sheria za anga zinaweza kusomwa jioni mtaani. Kaunti ya Nairobi inazo maktaba Kaloleni na Makadara. Iziwekee vitabu vya somo hili. Wazee wa mitaa hii walilipa kwa jasho lao ili ndege zitue Embakasi, na wajukuu wao wana haki ya kuzirusha wakiwa wamefundishwa kikamilifu.