Mwizi wa Simu Naye Ana Majirani

Watu wengi hudhani kwamba kumzuia mwizi ni kazi ya polisi peke yao. Sivyo. Polisi huja akiitwa, bali jirani yupo siku zote.

Wakipsigis walilijua jambo hili tangu zamani. Kila mtaa, yaani kokwet, ulikuwa na baraza la wazee lililokata mashauri yake. Serikali ya kikoloni ilitaka kupata msaada wa majirani kwa nguvu: sheria ya mwaka 1909 iliruhusu jamii nzima kutozwa faini kwa kosa la wachache. Lakini mtu aliyelipishwa kosa la mwenziwe hujifunza kuficha, si kusaidia.

Baada ya Uhuru njia ilibadilika. Sheria ya polisi ya 2011 ilitaka polisi na raia washirikiane katika kamati, na mwaka 2013 Kenya ilianzisha Nyumba Kumi kwa kufuata mfano wa Tanzania.

Mpango huo una mtihani mgumu huko Mulot, mji mdogo uliopo mpakani mwa Bomet na Narok. Wizi uliotangaza jina la mji huo si wa ng'ombe, bali wa fedha za simu. Tapeli humpigia mtu wa mbali, akijifanya karani wa kampuni, akamwuliza namba ya kitambulisho na namba ya siri. Kisha huihamisha laini yake kwenye kadi nyingine. Simu ya mwenyewe hunyamaza, na fedha zake hutoweka.

Ng'ombe wa jirani akiibwa, wote hufuata nyayo. Lakini aliyeibiwa kwa simu yuko Mombasa au Kisumu, na kilio chake hakisikiki Mulot. Basi wengine hunyamaza. Kumbe hasara hurudi nyumbani: kijana mwaminifu wa Mulot hutiliwa shaka kila atajapo kwao, ingawa wasio na hatia ndio wengi.

Kwa hiyo wazazi wawaulize vijana wao fedha zimetoka wapi. Mwenye habari ampelekee naibu wa chifu au polisi, wala asimpige mtu, maana pikipiki mpya si ushahidi. Nawe msomaji, usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Shilingi ya mgeni nayo ina mwenyewe, kama ng'ombe wa jirani.