Mkopo Mdogo na Shamba la Urithi

Msafiri atokaye katikati ya Nairobi kwenda upande wa magharibi, akiisha kupita Kawangware na Riruta, hufika Waithaka. Zamani sehemu hiyo ilikuwa katika Wilaya ya Kiambu, na wenyeji wake walikuwa wakulima. Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipanuliwa, na Waithaka pamoja na sehemu nyingine za Dagoretti zikaingizwa mjini. Basi wenyeji hawakuufuata mji. Mji ndio uliowafuata wao. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya ardhi ya hapo ni mali ya jamaa, iliyotoka kwa babu ikaja kwa baba, kisha ikagawanywa kwa watoto. Palipokuwa na shamba moja leo pana vipande vingi: hapa zizi la ng'ombe wawili, pale matuta ya sukuma wiki, na kando yake vyumba vya mabati vya kupangisha.

Mtu wa mahali kama hapo akitaka shilingi 20,000 za kununua cherehani, au kujenga banda la kuku, au kuongeza mzigo wa mboga anaouza sokoni, azipate wapi? Swali hili ni fupi, lakini jibu lake limesumbua watu kwa miaka mingi. Kila akopeshaye hutaka dhamana, yaani kitu cha kushika kama deni halikulipwa. Tofauti kubwa kati ya benki na benki si wingi wa fedha zao tu, bali ni kitu gani wanachokitaka kiwe dhamana. Yafaa basi msomaji afahamu jambo hilo kabla hajatia sahihi yake mahali popote.

HATI YA SHAMBA

Wakati wa ukoloni mkulima Mwafrika hakuhesabiwa kuwa mtu wa kukopeshwa. Sheria ya mwaka 1948 iliwawekea Waafrika wa Kenya kikomo cha shilingi 200 katika kukopa, ila kwa kibali cha serikali. Mwaka 1954 ulitolewa Mpango wa Swynnerton, uitwao hivyo kwa jina la Bw. Roger Swynnerton wa Idara ya Kilimo. Mpango huo ulitaka vipande vya ardhi viunganishwe, vipimwe na kuandikishwa, na kila mwenye shamba apewe hati yake. Moja ya sababu zilizotajwa ni hii: mkulima akiwa na hati ataweza kuiweka rehani na kupata mkopo wa kuendeleza shamba.

Fikira hiyo ilikuwa na maana, na wako waliofaidika nayo. Lakini ina upande wa pili. Hati ya shamba ni ya mtu mmoja katika karatasi, bali shamba lenyewe lina wategemezi wengi: mama mzee, mke, watoto, pengine na ndugu ambaye hajajenga. Mtu akikopa na kushindwa, wote hao hupoteza mahali pa kukaa kwa deni ambalo labda hawakulijua.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imeweka kinga. Rehani juu ya nyumba ya ndoa si halali mpaka mume au mke wa mkopaji akubali. Tena mkopeshaji hawezi kuuza mara moja: deni likikawia, sharti atoe notisi yenye muda wa kulipa usiopungua miezi 3, na muda huo ukiisha bila malipo, atoe notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Hata hivyo kinga hiyo huchelewesha tu mauzo, haifuti deni. Ndiyo maana wazee wengi huificha hati sandukuni, wakaona ni heri kukosa mkopo kuliko kukosa shamba. Tena, kwa mkopo wa shilingi 20,000, benki kubwa nayo haioni faida ya kupima shamba na kulipa mawakili. Basi mwenye hati na asiye na hati wote wawili walibaki nje ya mlango.

WATANO WA KIBERA

Mlango mwingine ulifunguliwa mbali sana na kwetu. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra nchini Bangladesh, mwalimu wa uchumi aitwaye Muhammad Yunus aliwapa watu 42 mkopo ambao jumla yake ilikuwa dola 27 tu. Hakutaka hati wala mali. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa Benki ya Grameen, iliyopata kuwa benki kamili mwaka 1983, na mwaka 2006 benki hiyo na mwanzilishi wake walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wakopaji walipangwa katika vikundi vya watu watano. Wawili hukopa kwanza. Wakilipa vizuri, wenzao hupata zamu yao. Hivyo dhamana ikawa ni jirani.

Nchini Kenya shirika la K-Rep, lililoanzishwa mwaka 1984, lilileta njia hiyo Kibera mwaka 1989 kwa mpango ulioitwa Juhudi. Kikundi cha watu watano kiliitwa watano, na watano sita wakiungana, yaani watu 30, waliitwa KIWA, kifupi cha Kikundi cha Wanabiashara. Mwaka 1999 K-Rep ilipata leseni ya benki, na tangu mwaka 2016 benki hiyo huitwa Sidian.

Njia hiyo haikuwa ngeni kwa watu wa Kiambu na Dagoretti. Wazee waliijua ngwatio, yaani majirani kulimiana mashamba kwa zamu. Katika miaka ya 1960 akina mama wa sehemu za kati walifanya vikundi vya kuchanga fedha ili kuezeka nyumba zao mabati, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Benki iliyotaka dhamana ya jirani ilikuta kamba imekwisha kusokotwa.

Lakini tusifiche kwamba kamba hiyo hukaza. Mmoja katika watano akishindwa, wenzake hutakiwa kumlipia kutoka katika akiba zao. Imetokea mara nyingi hapa Kenya kwamba wanachama hufika nyumbani kwa mwenzao wakachukua redio, makochi na kuku ili deni lipungue. Tena aliye maskini kupita wote, ambaye ndiye mwenye haja zaidi, mara nyingi hapati kikundi cha kumpokea, kwa kuwa kila mtu humwogopa. Hata hivyo yafaa kulinganisha hasara hizo mbili. Urafiki ulioharibika kwa deni ni jambo zito, lakini huweza kutengenezwa. Shamba likiisha kuuzwa, wajukuu hawalioni tena.

KIPIMO CHA RIBA

Watu wengi huuliza, "Riba ni kiasi gani kwa mia?" wakidhani wamemaliza. Bado. Sharti waulize pia riba hiyo huhesabiwa juu ya nini.

Tuchukue mfano wa shilingi 20,000 kwa miezi 12, kwa riba ya 18 kwa mia kwa mwaka. Kama riba huhesabiwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo mpaka mwisho, mkopaji atalipa riba ya shilingi 3,600. Kama huhesabiwa juu ya deni lililobaki kila mwezi, riba yote itakuwa kama shilingi 2,000 tu. Namba ya 18 ni ile ile, lakini tofauti ni shilingi 1,600. Sababu yake ni rahisi: katika njia ya kwanza mtu hulipishwa riba hata juu ya fedha ambazo amekwisha kuzirudisha. Zaidi ya hayo kuna ada ya fomu, bima, na akiba isiyoruhusiwa kutolewa mpaka deni liishe. Njia iliyo salama ni kuuliza hivi: "Nikichukua kiasi hiki leo, jumla ya shilingi zote nitakazotoa mpaka siku ya mwisho ni ngapi?" Jibu liandikwe.

MAZIWA NA MAHINDI

Jambo jingine la kuangalia ni siku za kulipa. Mikopo ya vikundi kwa kawaida hulipwa kila juma au kila mwezi, kuanzia mara tu baada ya fedha kutolewa. Utaratibu huo humfaa muuza mboga wa Kawangware, kwa kuwa huona fedha kila siku. Humfaa pia mwenye ng'ombe wa maziwa, maadamu ng'ombe anakamuliwa. Lakini haumfai mkulima wa mahindi, ambaye hupanda na kungoja miezi kadhaa kabla ya kuuza hata debe moja. Huyo akikopa kwa malipo ya kila juma, hulipa deni la kwanza kwa kukopa la pili, na la pili kwa la tatu. Kosa si la uvivu wake. Ni la mkopo usiolingana na zao.

Kwa mwenye mifugo iko njia nyingine tangu ilipopitishwa Sheria ya mwaka 2017 ya dhamana ya mali inayohamishika. Kwa sheria hiyo ng'ombe, mazao yaliyo shambani au mashine vinaweza kuandikishwa kuwa dhamana, na hati ya ardhi ikabaki sandukuni. Mkopo ukipotea, hupotea ng'ombe; mahali pa kumjengea zizi mwingine pangalipo.

BENKI NDOGO NA SIMU

Mwaka 2006 Bunge lilipitisha Sheria ya Mikopo Midogo, iliyoanza kutumika mwaka 2008, ili mashirika ya namna hiyo yaweze kupokea akiba za watu chini ya uangalizi wa Benki Kuu. Sheria hiyo iliruhusu pia benki ndogo za mahali pamoja, zenye mtaji usiopungua shilingi milioni 20, wakati zile za nchi nzima zilitakiwa ziwe na milioni 60. Upande huu wa magharibi wa mji ulipata benki ya namna hiyo mwezi wa Januari mwaka 2015, Benki ya Daraja ilipopewa leseni; ofisi yake ilikuwa Karandini Road, kando ya Naivasha Road. Mwaka 2022 kampuni ya Umba, ambayo kazi yake ni huduma za fedha kwa njia ya simu, ilinunua 66 kwa mia ya hisa za benki hiyo.

Habari hiyo yaonyesha mambo yanakoelekea. Tangu M-Shwari ilipoanza mwezi wa Novemba mwaka 2012, mtu aweza kukopa akiwa kitandani, bila hati, bila watano, bila mtu yeyote kujua. Urahisi huo ni neema kwa mwenye mgonjwa usiku wa manane. Lakini M-Shwari ilipoanza ada yake ilikuwa shilingi 7.50 kwa kila mia kwa siku 30; mtu akiurudia mkopo huo mwezi baada ya mwezi kwa mwaka mzima, hutoa shilingi 90 kwa kila mia. Tena hakuna jirani wa kumwambia, "Ndugu, hili la tatu usilichukue." Wakopeshaji wengine wa simu waliwahi hata kuwapigia jamaa na wakubwa wa kazini ili kumwaibisha mdaiwa, mpaka Benki Kuu ilipotoa kanuni mwezi wa Machi mwaka 2022 za kuwataka wawe na leseni na kuwakataza matendo hayo.

MAMBO YA KUULIZA

Basi, kabla ya kukopa, msomaji ajiulize mambo manne. Kwanza, fedha hizi zitazaa au zitaliwa? Mkopo wa karamu huacha deni bila kuacha kitu cha kulilipa. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Pili, jumla ya malipo ni kiasi gani, kwa shilingi wala si kwa mia? Tatu, siku za kulipa zalingana na siku ninazopata fedha? Nne, nikishindwa, ni nani atakayepoteza, naye amekwisha kuambiwa?

Kwa mwenye kuweka akiba liko swali la tano: je, mahali hapa pana leseni ya Benki Kuu? Akiba iliyo katika benki yenye leseni, hata benki ndogo ya mikopo, hulindwa na shirika la bima ya amana mpaka shilingi 500,000 kwa kila mwenye akiba, tangu Julai mwaka 2020. Akiba iliyo kwa mtu asiye na leseni hailindwi na yeyote.

Swali la nne ndilo zito kuliko yote kwa watu wa Waithaka, ambao vipande vyao vya ardhi havigawanyiki tena. Ajibuye swali hilo mbele ya mke wake, watoto wake na majirani zake aweza kukopa bila hofu. Asiyeweza kulijibu mbele yao, heri angoje, aweke akiba kidogo kidogo, na hati aiache sandukuni.