Kabla Hujanunua Balbu Kali Zaidi

Ingia duka lolote la vipuri vya magari, Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi, useme taa za gari lako hazioni vizuri usiku. Kabla hujamaliza kusema, kiboksi cha balbu za LED kiko mezani: feni ndogo kwa nyuma, mwanga mweupe wa kuumiza macho, na maandishi ya lumeni elfu kadhaa ambazo muuzaji mwenyewe hajawahi kuzipima. Ni biashara halali. Ila kwa magari mengi tunayoyaagiza kutoka Japani yakiwa yameshatumika, balbu ndiyo yenye lawama ndogo kuliko vyote. Mwanga ulioununua pamoja na gari bado upo. Umezibwa na plastiki iliyochakaa, unapungua njiani kwenye waya, au unamulika mahali pasipo na faida kwako.

Tuanze na plastiki. Kile tunachokiita kioo cha taa, kwa magari mengi yaliyoko barabarani leo, ni plastiki aina ya polikaboneti. Ni nyepesi na haipasuki ovyo kwa kokoto, lakini haivumilii miali ya urujuanimno ya jua. Ndiyo maana kiwandani hupakwa vanishi ya kuikinga. Vanishi hiyo ikiisha, plastiki inafubaa, inageuka njano, na mwanga unaofika hapo hutawanyika kila upande badala ya kwenda mbele. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizofubaa kikakuta zinatoa takriban asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Tanzania tunaingiza hata lililovuka hapo, mradi mwenyewe alipe ushuru wa ziada. Kwa hiyo kioo kilichokwisha kupigwa jua miaka yote hiyo ndicho kinachoanza maisha mapya Dodoma, ambako jua halina huruma. Huko Japani gari likishavuka miaka yake 3 ya mwanzo hukaguliwa kila baada ya miaka 2, na taa hupimwa kwa mashine. Likishafika kwetu, ratiba hiyo imekufa.

Kioo kilichofubaa kwa nje kinatibika. Fundi anayejua kazi hufunika kwanza rangi ya bodi kwa utepe wa karatasi, anasugua kwa msasa wa maji kuanzia namba 800 au 1000, anapanda hadi 2000 na 3000 huku akimwagia maji muda wote, kisha anapiga polishi. Mpaka hapo kioo kinang'aa na mteja ameshatoa pesa. Hatua inayorukwa ndiyo yenye thamani: kupaka vanishi mpya yenye kinga ya jua. Bila vanishi hiyo, baada ya miezi michache unjano umerudi, tena kwa kasi, maana ile kinga kidogo iliyokuwa imebaki umeimaliza kwa msasa. Dawa ya meno, inayosifiwa sana mitandaoni, ni msasa mwepesi tu, nayo inaishia pale pale. Dawa ya kufukuza mbu yenye DEET ni mbaya zaidi: inayeyusha tabaka la juu la plastiki, likang'aa kwa muda mfupi, kisha likaharibika zaidi ya mwanzo. Petroli usiisogeze kabisa.

Ukimaliza nje, chukua tochi uchungulie ndani. Lile bakuli la kuakisi nyuma ya balbu limepakwa tabaka jembamba la alumini. Likiwa limebabuka, au limeungua kwa sababu mwenye gari aliyetangulia alitia balbu ya wati 100 mahali pa wati 55, hakuna polishi itakayokusaidia. Hapo nunua taa nzima, na unapochagua ya mtumba uangalie bakuli kabla ya kioo. Wanunuzi wengi hufanya kinyume, ndiyo maana taa zenye kioo safi na bakuli bovu zinapata soko.

Sasa umeme. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoteza mwanga bila kujua. Mwanga wa balbu ya halojeni haupungui sawasawa na volti. Hupungua kwa kasi kubwa zaidi. Volti zikishuka kwa asilimia 5, mwanga unashuka kwa karibu asilimia 16. Zikishuka kwa asilimia 10, umeshapoteza karibu theluthi moja. Gari lenye altaneta nzima huzalisha volti 13.8 hadi 14.4 injini ikiwa inanguruma. Lakini safari ya umeme huo kutoka betri, kupitia fyuzi, swichi ya usukani na waya wenye umri wa miaka 15, mpaka kwenye soketi ya balbu, ina viungo vingi vyenye kutu. Mwambie fundi apime kwa mita ya umeme kwenye soketi yenyewe, taa zikiwa zinawaka, si kwenye betri. Tofauti kati ya betri na soketi ikizidi nusu volti, kuna mahali umeme unaliwa. Mara nyingi mkosaji ni waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi: boliti imeshika kutu, au bodi ilipakwa rangi upya na rangi ikaingia katikati. Kukwangua na kukaza hapo ni kazi ya dakika chache. Pasipotosha, fundi aweke relei, ili umeme mkubwa wa taa utoke betri moja kwa moja kwa waya mnene wenye fyuzi yake, na swichi ya usukani ibaki na kazi ya kuamrisha tu. Sijaona pesa ndogo inayorudisha mwanga mwingi kuliko hiyo.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze balbu. Ndani ya balbu ya H4, inayotumika kwenye HiAce na Probox nyingi, kuna nyuzi mbili: moja ya taa za mbali, fulu, na nyingine ya taa za karibu, dimu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikofia kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya bakuli. Bila kikofia hicho, mwanga huo ungeakisiwa kwenda juu, kwenye macho ya anayekuja. Bakuli lote limechongwa kwa hesabu inayoujua uzi huo: unene wake, urefu wake, mahali ulipo kwa vipimo vya milimita. LED haina uzi. Ina vipande bapa vya kutoa mwanga, viwili au zaidi, vilivyobandikwa kwenye ubao, na ubao una unene wake. Mwanga unaotoka unaweza kuwa mwingi kweli, lakini unaangukia pasipopangwa. Sehemu kubwa inamwagika mita chache mbele ya bampa, na nyingine inapanda kwa wenzako.

Ule mwanga mwingi wa karibu ndio unaowadanganya watu. Dereva anaona lami nyeupe pe mbele ya gari, anafurahi, anasema taa zangu ni moto. Jicho lake kwa wakati huo linajirekebisha kulingana na ule weupe wa karibu, na uwezo wake wa kuona kitu cheusi kilichoko mita 60 mbele unapungua. Kwa sababu hiyo simshauri mtu kutia LED ya kubandika, au zenoni ya kufungia, kwenye taa iliyotengenezwa kwa halojeni. Gari lililotoka kiwandani na LED au zenoni ni habari nyingine kabisa. Bakuli lake lilichongwa kwa ajili hiyo. Ukiwa na zenoni ya kiwandani na mwanga wake umeanza kupiga uwaridi au zambarau, balbu imezeeka, ibadilishe. Fundi asiyezijua asizifungue zikiwa zimewashwa, kwa kuwa zinapowashwa hupigwa umeme wa zaidi ya volti 20,000.

Halojeni zenye rangi ya samawati achana nazo pia. Ile rangi ni kichujio, na kichujio hupunguza. Nunua za kawaida za kampuni inayoaminika, wati zile zile zilizoandikwa kwenye gari, ubadilishe zote mbili kwa pamoja, na usishike kioo cha balbu kwa vidole, maana mafuta ya ngozi huufanya upande mmoja uchemke zaidi na balbu kufa mapema.

Jambo linalobaki ni la bure au karibu na bure, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote: taa inaelekea wapi. Dimu iliyosetiwa vizuri haimuliki sambamba na ardhi. Inashuka kidogo, kwa kawaida asilimia 1, yaani sentimita 10 kwa kila mita 10. Taa ikiwa imekaa sentimita 65 kutoka chini, ukingo wa juu wa mwanga wake unagusa lami mita 65 mbele. Ikishuka asilimia 2, unaona mita 32 au 33 tu. Isiposhuka kabisa, imekwenda moja kwa moja kwenye macho ya dereva mwenzako. Tofauti kati ya hali hizi tatu, kwenye skrubu ya taa, ni mizunguko michache ya bisibisi.

Unaweza kupima mwenyewe. Tafuta uwanja ulio sawa wenye ukuta, jaza tairi upepo unaotakiwa, mtu akae kwenye kiti cha dereva. Sogeza gari karibu na ukuta na uweke alama kwa chaki usawa wa katikati ya kila balbu. Rudi nyuma mita 10, washa dimu. Ukingo wa mwanga unatakiwa uwe sentimita 10 chini ya alama zako, na upande wa kushoto upande juu kidogo kuanzia katikati. Kupanda huko kushoto si kasoro. Kumewekwa kwa makusudi, ili umwone mtembea kwa miguu na mwenye baiskeli pembeni ya barabara bila kumpofusha anayekuja upande wa kulia. Waliopandisha magari kwa spesa ndio hasa warudie kipimo hiki. Ukiinua mbele kuliko nyuma, umeinua na taa, na fundi wa spesa hatakukumbusha.

Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto kama Japani, kwa hiyo taa hizo zinatufaa jinsi zilivyo. Burundi na Kongo wanaendesha kulia, ilhali barabara zao zimejaa magari yale yale ya usukani wa kulia. Huko ule mwanga unaopanda kushoto unamwendea anayekuja, na skrubu haiwezi kuurekebisha. Dawa ni kutafuta taa zilizotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia. Na sisi tunapata shida hiyo hiyo kwa upande wa pili tukinunua gari la Ulaya lililoandaliwa kwa Ujerumani au Ufaransa.

Taa ikishasetiwa, mzigo unaivuruga tena. Pakia Noah watu nyuma na magunia kwenye buti, mkia unakaa, pua inainuka, na dimu inageuka fulu. Karibu na usukani magari mengi ya Japani yana kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0. Namba ikipanda, taa inashuka. Wengi wana gari mwaka wa tano hawajakigusa.

Kioo kikubwa cha mbele nacho kisafishwe kwa ndani, si kwa nje tu. Utando wa vumbi na mvuke wa plastiki za dashibodi ndio unaozigeuza taa za lori kuwa ukungu mweupe. Miwani ya njano inayouzwa eti ya usiku haisaidii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la JAMA Ophthalmology haukuona kwamba inawasaidia madereva kumtambua mtembea kwa miguu. Ukipigwa fulu, peleka macho kwenye ukingo wa kushoto wa barabara, uachie mafuta. Tangu mabasi ya mikoani yaruhusiwe tena kusafiri usiku Tanzania mwaka 2023, utapigwa nyingi.

Hata ukifanya yote hayo, hesabu ya breki haibadiliki. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho hutumia kama sekunde moja na nusu kuona na kukanyaga, mita 33 zimekwisha. Kusimama kwenye lami kavu na tairi nzuri ni mita 36 nyingine. Jumla ni karibu mita 70, na dimu yako inafika 65. Kwa kilomita 100 unahitaji karibu mita 100. Kwa kilomita 70 unasimama ndani ya mita 57 hivi. Kilichoko mbele yako usiku, kati ya Chalinze na Segera au mbugani Mikumi, ni trekta lisilo na taa ya nyuma, nyati, au lori bovu lililotandaziwa matawi ya miti barabarani badala ya pembetatu ya kuakisi. Tawi haliakisi kitu. Kwa hiyo, ukiwa kwenye dimu, hata zikiwa taa bora kuliko zote, usivuke kilomita 70 kwa saa. Na kila unaposhusha fulu kumpisha mwenzako, shusha na mwendo.