Je, Wajua? Mashine Zinazojiamulia na Kioo cha Mtu wa Zamu

Je, wajua kwamba Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko? Wengi tunaikumbuka siku ile kwa WhatsApp kugoma. Sasa fikiria kiwanda cha soda ambacho kila amri ya mashine inatoka kwenye kompyuta iliyoko Ulaya: chupa zimejipanga kwenye mkanda, na anayepaswa kusema "jaza" hasikiki. Ndiyo maana viwanda huweka kompyuta pale pale penye mashine, ukingoni mwa mtandao, mahali nyaya za data zinapokutana na vyuma. Ndiyo kompyuta ya ukingoni. Ripoti ya mwezi inaweza kwenda kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali, na kuchelewa hata siku mbili. Amri ya kufunga vali haisafirishwi.

Je, wajua kwamba hata mkongo ukiwa mzima, umbali una gharama yake? Ndani ya faiba, data hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Safari ya kilomita 10,000, kwenda na kurudi, inakula milisekunde 100, yaani sehemu ya kumi ya sekunde, kabla kompyuta ya huko haijahesabu lolote. Umeme wetu wa hezi 50 hupiga wimbi moja kila milisekunde 20. Jibu likirudi, mawimbi matano yameshapita, na hitilafu iliyoanza kama cheche imeshakuwa moto. Kiwango cha kimataifa cha vituo vya umeme, IEC 61850, kinataka ujumbe wa kukata umeme kwa dharura ufike ndani ya milisekunde 3 katika vituo vinavyohitaji kasi kubwa zaidi.

Na je, wajua kinachotokea mtambo mmoja wa Bwawa la Julius Nyerere ukitoka ghafla kwenye gridi? Kuna mitambo 9 pale, kila mmoja una megawati 235, jumla 2,115. Masafa ya umeme huanza kushuka mara moja, na gavana, yaani vidhibiti mwendo, za mitambo inayoendelea kuzunguka huhisi mshuko huo zenyewe na kuongeza nguvu. Hakuna anayepigiwa simu kwanza. James Watt alifunga gavana ya mipira miwili inayozunguka kwenye injini yake ya mvuke mwaka 1788, na wazo halijabadilika: anayeamua akae karibu na kinachozunguka.

Je, wajua kwamba kitambo kabla ya kompyuta kulikuwa na mashine ya kufuma iliyojua kusimama yenyewe uzi ukikatika? Ni ya Sakichi Toyoda wa Japani, ilikamilika mwaka 1924, na ukoo wake ndio ulioanzisha kampuni ya magari ya Toyota. Viwanda vya Toyota vikaongeza ubao wa taa unaoitwa andon, neno la Kijapani la taa ya karatasi ya zamani. Mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba, taa ya kituo chake inawaka, na msimamizi anajua aende wapi. Binafsi naona ndiyo skrini bora ya kiwandani iliyowahi kutengenezwa. Inasema jambo moja, inalisema kwa kila mtu, na haihitaji mafunzo.

Je, wajua kidhibiti cha kwanza cha aina ya PLC kiliitwa 084 kwa sababu kilikuwa mradi wa 84 wa kampuni ndogo ya Bedford Associates huko Marekani? Wazo lake liliandikwa na Dick Morley mwaka 1968. Kabla ya hapo, viwanda vya magari viliendeshwa na makabati yaliyojaa relei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, na kila aina mpya ya gari ilipoingia, mafundi walirudi kufumua nyaya na kuzisuka upya. PLC iliwapa njia ya kubadilisha maagizo bila kugusa waya. Leo karibu kila kiwanda utakachoingia, cha saruji, cha sukari au cha maji, kina kisanduku cha ukoo huo kwenye kabati la chuma.

Kwa haraka sasa. Je, wajua MQTT, lugha ambayo vihisi vingi vya viwandani hutumia kuzungumza, ilibuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setelaiti? Setelaiti ilikuwa ghali, kwa hiyo kichwa cha ujumbe kikabanwa hadi baiti 2. Na je, wajua Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya Uingereza iliyoanza kuuzwa Februari 29, 2012 ili watoto wajifunze kuandika programu, sasa inauzwa kwa wingi viwandani?

Je, wajua kwa nini vihisi vya viwandani husema "sifuri" kwa miliampia 4? Ukiwa na tangi la maji, miliampia 4 maana yake tangi ni tupu, na 20 maana yake limejaa. Ingekuwa rahisi kuanzia sifuri halisi. Lakini waya ukikatwa na panya, mkondo unakuwa sifuri, na mwendeshaji angeamini tangi limekauka ilhali limefurika. Kwa kuanzia 4, ukimya unajulikana kuwa ni ukimya. Waliofikiria hivyo walimjali mtu atakayekaa mbele ya kioo saa tisa usiku, na kwa hilo nawaheshimu sana.

Je, wajua kompyuta nyingi za ukingoni hazina feni? Feni huvuta hewa, na hewa ya kiwanda cha saruji ni saruji. Badala yake mwili wote wa kompyuta hufanywa wa alumini yenye mapezi, joto likatoka kwa ngozi. Vipuri vya kawaida vya kielektroniki huhesabiwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 70 za Selsiasi. Vya viwandani hufika kutoka −40 hadi 85. Na mafundi wana kanuni yao kuhusu kapasita zenye kimiminika ndani: kila joto likipanda nyuzi 10, umri wake hukatika nusu. Kabati la chuma lililowekwa juani Tanga au Mombasa bila kivuli linakula miaka ya kompyuta kimya kimya. Bati la kivuli ni rahisi kuliko kompyuta mpya.

Je, wajua namba za IP zilizoandikwa nyuma ya skrini zina maana gani? Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP65 haiingizi vumbi kabisa na inastahimili maji ya bomba la kuoshea. IP69K inastahimili maji ya nyuzi 80 yanayorushwa kwa presha ya baa 80 hadi 100. Katika viwanda vya minofu ya samaki, kama vile vya Mwanza, ambako meza na mashine lazima zioshwe kila zamu, tofauti ya tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo tofauti ya skrini kuishi au kufa.

Skrini ya simu yako, je, wajua kwa nini haikusikii ukivaa glavu nene? Inahisi jinsi ngozi inavyovuruga umeme mdogo wa skrini. Skrini nyingi za viwandani zilijengwa kwa tabaka mbili zinazogusana ukibonyeza, hivyo glavu, kalamu, hata kipini cha bisibisi vinafanya kazi. Na skrini ya kugusa si mtoto wa simu. E. A. Johnson aliieleza mwaka 1965 huko Malvern, Uingereza, akiwalenga waongozaji wa ndege. Kisha mwaka 1973, Frank Beck na Bent Stumpe wa kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, wakatengeneza ya kwao kwa sababu mtambo mpya wa kuharakisha chembe ungehitaji vitufe na swichi kwa maelfu. Ilianza kazi mwaka 1976. Ilikuwa na vitufe 16 tu, na maandishi yake yalibadilika kulingana na kazi iliyopo.

Je, wajua taa moja ilivyodanganya chumba kizima? Hapa naomba tusikimbie. Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, vali ya kupunguzia presha ilifunguka na ikakwama wazi. Kwenye ubao, taa yake ilizimika. Waendeshaji wakaelewa kama mtu yeyote angeelewa: vali imefungwa. Lakini taa ile haikuunganishwa na vali yenyewe. Iliunganishwa na umeme unaoiamuru. Ilichosema kwa kweli ni kwamba amri ya kufunga imetolewa. Maji ya kupooza kinu yakaendelea kutoka kwa zaidi ya saa mbili. Hapakuwa na kipimo cha moja kwa moja cha kina cha maji ndani ya kinu, kwa hiyo waendeshaji, wakiamini maji yamezidi, walipunguza yale ya dharura. Zaidi ya kengele 100 zililia katika dakika za mwanzo. Mashine ya kuchapa kengele ilizidiwa, ikafika mahali inachapa habari za saa mbili na nusu zilizopita. Karibu nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka. Watu wale hawakuwa wazembe. Walikuwa wanasoma walichopewa kusoma.

Je, wajua kengele 275 zinalia vipi ndani ya dakika 11? Ni moja kila sekunde mbili na nusu hivi. Ndivyo ilivyokuwa Milford Haven, Wales, tarehe 24 Julai 1994, kabla kiwanda cha kusafisha mafuta hakijalipuka. Vali moja ilikuwa imekwama imefungwa huku mfumo ukionyesha iko wazi. Waendeshaji wawili walitakiwa kusoma, kukiri na kutatua kengele zote hizo, na hapakuwa na ukurasa hata mmoja uliowaonyesha kiwanda chote kwa pamoja. Miaka mitano baadaye ulichapishwa mwongozo wa EEMUA 191, unaopendekeza wastani usiozidi kengele moja kwa kila dakika 10 kwa kila mwendeshaji hali ikiwa shwari. Mfanyakazi akizoea kuzima kengele bila kuzisoma, tuhesabu kwanza zinalia ngapi kabla hatujamwandikia barua ya onyo.

Texas City, Marekani, 23 Machi 2005: je, wajua mnara uliofurika katika kiwanda cha kusafisha mafuta ulikuwa na kipimo kisichoweza kusoma zaidi ya mita 2.7 hivi? Kimiminika kilipanda hadi karibu mita 48, na kipimo kikawa kinaonyesha kwamba kimiminika kinashuka. Kiasi kinachoingia kilikuwa kwenye ukurasa mmoja wa skrini, kinachotoka kwenye mwingine, na hakuna aliyeviona pamoja. Katika mlipuko uliofuata walikufa watu 15, wakajeruhiwa 180. Namba mbili kuwekwa jirani ni kazi ya nusu siku kwa mchoraji wa skrini.

Je, wajua skrini nzuri za kisasa za kiwandani zina rangi ya kijivu? Wageni huziona kavu. Lakini kila kitu kikiwa chekundu na kijani kibichi, jicho halijui liende wapi. Kijivu kikitawala, nukta moja ya manjano inaita. Tena kuna wanaume wengi wasiotofautisha nyekundu na kijani, kwa hiyo kengele inayotegemea rangi peke yake, bila umbo au herufi, kwa baadhi yao haipo.

Je, wajua kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, hakikuishia kuharibu mashine zinazozunguka kwa kasi kurutubisha urani huko Natanz, Iran? Toleo lake mojawapo lilirekodi sekunde 21 za vipimo vya hali nzuri, kisha likawarudishia waendeshaji rekodi hiyo tena na tena wakati vali zikichezewa. Ndiyo maana kwenye mitambo hatari inafaa kuweka kipimo kimoja cha kawaida cha mshale, kisichopita kwenye kompyuta yoyote.

Mgodini Kibali, kaskazini-mashariki mwa Kongo, je, wajua kuna mashine za kubeba mawe ya dhahabu zinazojiendesha chini ya ardhi? Mwendeshaji yuko juu, kwenye kiti, mbele ya skrini, akisimamia kadhaa kwa pamoja. Kila mashine hupima kuta kwa leza na kujikunja kwenye kona yenyewe, na mtu hayuko tena chini ya mwamba unaoweza kuanguka.

Migodi ndiyo iliyotufundisha pia kuogopa cheche ndogo. Tarehe 14 Oktoba 1913, Senghenydd, Wales, wachimbaji 439 na mwokoaji mmoja walikufa katika mlipuko. Chanzo hakikuthibitishwa, lakini kengele za umeme za kupashana habari zilishukiwa, na majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba hata umeme mdogo wa kengele unaweza kuwasha gesi. Je, wajua kwamba skrini inayoruhusiwa leo kwenye maeneo ya gesi ya aina hiyo mara nyingi hujengwa kwa kanuni iliyozaliwa hapo? Umeme wake unabanwa uwe mdogo kiasi kwamba hata waya ukikatika, cheche yake haina nguvu ya kuwasha.

Na kile kitufe chekundu chenye umbo la uyoga, juu ya kibandiko cha manjano, je, wajua kwa nini hakichorwi kwenye skrini ya kugusa? Skrini inaweza kuganda, na mkono wenye hofu haulengi vizuri. Kitufe kina waya wake, na ukikipiga kwa kiganja kinajifunga chini. Ukikizungusha kirudi juu, mashine haiwaki. Inasubiri mtu aje, atazame, kisha aiwashe upya kwa mkono wake.